Kwa Nini Taa za Vifaranga Huwaka Mchana na Kuzima Usiku?
Makosa ya kufunga themostati, na jinsi ya kuyatambua

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Mwezi wa Julai mama mmoja wa skimu yetu alifika ofisini asubuhi na mapema, akiwa na kikapu mkononi. Ndani ya kikapu mlikuwa na vifaranga kumi na wanane waliokufa. Alikuwa amenunua vifaranga 150 kwa pesa za maziwa alizoweka tangu Januari, na sasa, siku ya nne, walikuwa wakimwishia. Alikwisha kununua dawa mara mbili katika agroveti. Alitaka kumwuliza Bwana Shamba ni ugonjwa gani huo, na dawa ya tatu iwe ipi.

Bwana Shamba aliwafungua vifaranga wale akawatazama. Kisha akamwuliza swali moja tu: "Mama, taa zako huwaka saa ngapi?" Mama akajibu kwamba huwaka saa sita mchana, na usiku zikazima zenyewe. Alidhani ndivyo chombo kipya kinavyotumia stima kwa uangalifu.

Basi, ule haukuwa ugonjwa. Kijana wa jirani, mwenye nia njema lakini asiye fundi, alikuwa ameunganisha themostati kwa njia isiyo sawa. Vifaranga walipata baridi usiku wakarundikana na kukanyagana, na mchana wakachomwa na joto. Dawa yo yote haingewaponya.

Kwa kuwa wakulima wengi wa skimu sasa wana stima, na wengi wananunua themostati za bei nafuu na kuzifunga wenyewe, yafaa tueleze jambo hili polepole, hatua kwa hatua. Baba zetu walipoanza kupewa mashamba katika skimu hizi, mnamo mwaka 1962 na baadaye, vifaranga walilelewa na kuku mama au kwa jiko la makaa. Stima ni msaada mkubwa kuliko hayo, lakini ni msaada unaotaka kujulikana vizuri.

THEMOSTATI NI NINI?

Wengi hufikiri kwamba themostati ndiyo inayotoa joto. Sivyo. Joto hutoka katika balbu. Themostati ni mlinzi wa lango tu.

Fikiri juu ya mfereji wa maji unaopita shambani. Pale penye lango umeweka mlinzi. Kazi yake ni kutazama shamba: likikauka afungue lango, likilowa alifunge. Mlinzi huyu haleti maji. Maji ni lazima yawe yamefika langoni kwanza, ndipo aweze kuyaruhusu yapite. Tena mlinzi mwenyewe ataka chakula chake, ambacho si maji yale ya mfereji.

Themostati ni hivyo hivyo. Ile ya tarakimu, inayouzwa sana kwa kazi ya vifaranga na ya mashine za kuangulia mayai, ina sehemu nne za kufungia nyaya:

Kwanza, mahali pa kuingiza umeme wa kuiamsha yenyewe. Hiki ni chakula cha mlinzi.

Pili, mahali pa kihisi, yaani ule waya mwembamba wenye ncha ndogo mwishoni. Haya ni macho ya mlinzi.

Tatu, matundu mawili ya lango la KUPASHA JOTO. Lango hili hufunguka pakiwa na baridi.

Nne, matundu mawili ya lango la KUPOZA. Lango hili hufunguka pakiwa na joto, nalo limewekwa kwa ajili ya friji na feni.

Si kila themostati ina sehemu hizi zote, wala mpangilio si mmoja. Zimo nyingine zinazotumia umeme wa volti 12 tu, na ukizipa volti 240 za nyumbani zitaungua mara moja, pengine kwa mshindo. Kwa hiyo soma mchoro uliobandikwa juu ya chombo chako mwenyewe, wala usifuate mchoro wa chombo cha jirani.

KABLA YA KUGUSA KITU CHO CHOTE

Umeme wa nyumbani ni volti 240, nao huua mtu mzima. Mwenye mikono yenye maji, au anayesimama pekupeku juu ya sakafu yenye unyevu, yumo katika hatari kubwa zaidi.

Zima swichi kuu katika sanduku la umeme. Usitosheke na kuzima swichi ya ukutani tu. Mwambie kila mtu nyumbani kwamba umezima, na kwamba asiwashe hadi utakapomwambia. Kisha pima kwa testa kama umeme umeondoka kweli. Na testa yenyewe uijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, ili usidanganywe na testa mbovu.

Tena usiamini rangi za nyaya peke yake. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu, wa kurudi ni mweusi, na wa ardhi ni wa kijani. Katika nyaya za siku hizi waya wa moto ni wa kahawia, wa kurudi ni wa buluu, na wa ardhi ni wa kijani wenye mstari wa manjano. Lakini mtu asiye fundi huweza kutumia rangi yo yote aliyokuwa nayo mfukoni.

DALILI NA SABABU ZAKE

Mganga mzuri huuliza dalili kwanza. Fanya vivyo hivyo: kaa kando, tazama, sikiliza, na kuandika saa. Mambo mengi utayajua bila kugusa hata waya mmoja.

Dalili ya 1: Tarakimu zinaonekana, lakini balbu haziwaki hata kukiwa na baridi. Kwanza jaribu balbu nyingine unayojua kuwa ni nzima. Kama nayo haiwaki, sikiliza: je, themostati hulia "tik" joto linaposhuka? Ikiwa hulia, basi mlinzi anafungua lango lakini mferejini hamna maji. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Mfungaji alidhani kwamba umeme hutoka wenyewe katika matundu ya kupasha joto, kumbe katika themostati nyingi za namna hii matundu hayo ni swichi tupu. Ni lazima waya wa moto uletwe katika tundu moja, na kutoka tundu la pili uende kwenye balbu. Waya wa kurudi huenda kwenye balbu moja kwa moja.

Dalili ya 2: Balbu huwaka wakati wa joto na kuzima wakati wa baridi. Huu ndio uliokuwa msiba wa yule mama. Nyaya zilifungwa katika lango la kupoza badala ya lango la kupasha joto. Yule kijana alipojaribu alasiri, aliibadili tarakimu hadi taa zikawaka, wote wakafurahi, naye akaenda zake. Halafu chombo kikawekwa nyuzi 33. Adhuhuri, chini ya mabati na karatasi ya plastiki, joto lilipopita 33, balbu ziliwaka na kuongeza joto juu ya joto. Baridi ya usiku ilipozidi nguvu za balbu, joto likashuka chini ya 33, na hapo ndipo zilipozimika, saa ile zilipohitajiwa zaidi.

Dalili ya 3: Themostati ikilia "tik" tu, breka ya nyumba inaanguka. Hii yaonyesha kwamba waya wa moto na waya wa kurudi vimefungwa pamoja katika matundu mawili ya lango moja. Lango linapofunguka, nyaya hizo mbili hukutana bila balbu kati yao. Usiirudishe breka tena na tena, maana kila mara unaita moto. Acha hivyo ilivyo, mwite fundi. Wala usibadili breka kuweka kubwa zaidi "ili ivumilie". Breka ndiyo iliyookoa nyumba yako.

Dalili ya 4: Balbu hazizimi kamwe, hata vifaranga wakihema. Tazama kwanza kihisi kiko wapi. Kama kimeanguka nje ya duara la vifaranga, au kimening'inia karibu na mlango, chenyewe chaona baridi na kuagiza joto bila kikomo. Kama kihisi kipo mahali pake, na tarakimu zaonyesha joto kupita kiasi, na bado balbu zawaka, basi swichi ya ndani imeshikana kwa kubebeshwa mzigo mkubwa, au umeme unafika kwenye balbu bila kupitia themostati. Zima swichi kuu. Chombo hicho kisitumiwe tena hadi fundi akikague.

Dalili ya 5: Balbu huwaka na kuzima, huwaka na kuzima, kila nukta chache. Kihisi kiko karibu mno na balbu, au tofauti ya joto iliyowekwa ni ndogo mno. Tofauti ya nyuzi moja yatosha: izime ikifika 33, iwake ikishuka hadi 32. Kuwaka na kuzima ovyo huchosha swichi na kuua balbu.

Dalili ya 6: Balbu imezimwa na themostati, lakini ukigusa holda unapigwa na umeme. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haionekani. Themostati imefungwa katika waya wa kurudi badala ya waya wa moto. Taa huzima kama kawaida, lakini umeme wangoja katika holda. Siku moja mtoto au mke wako atainua mkono kubadili balbu, akidhani ni salama. Ikiwa hujui mfungaji alifanyaje, sharti uzime swichi kuu kila mara unapobadili balbu, mpaka fundi athibitishe.

Dalili ya 7: Waya una joto ukikaribiwa, au pana harufu ya plastiki inayoungua. Zima swichi kuu mara hiyo hiyo. Waya ni mwembamba kuliko mzigo wake, au viungo vilisokotwa kwa vidole na kufungwa utepe tu, au skurubu hazikukazwa. Ndani ya nyumba yenye maranda makavu, cheche moja yatosha kuteketeza yote.

HESABU YA MZIGO

Hesabu hii ni rahisi, na kila mkulima aweza kuifanya. Jumlisha wati za balbu zote, ugawe kwa 240, utapata ampea. Balbu nne za wati 250 ni wati 1,000. Gawa kwa 240, ni ampea 4 na kidogo. Balbu nane ni ampea 8 na zaidi.

Themostati nyingi zimeandikwa ampea 10. Usidhani kwamba waweza kuzijaza zote kumi. Balbu yenye uzi wa ndani, inapowashwa ikiwa baridi, huvuta umeme mara nyingi zaidi kuliko kawaida yake kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana swichi ndogo hushikana. Ni busara kukaa chini ya nusu ya kiasi kilichoandikwa. Mwenye mzigo mkubwa amwombe fundi aweke swichi kubwa ya kubeba mzigo, ili themostati iiamrishe hiyo tu.

Faida nayo yahesabika. Balbu mbili za wati 250 zikiwaka saa 24 hula uniti 12 kwa siku. Themostati iliyofungwa vizuri ikizizima theluthi moja ya muda huo, utatumia uniti 8. Zidisha kwa wiki nne, utaona kwamba malipo ya fundi si hasara.

KIHISI KIKAE WAPI?

Hata nyaya zikiwa sawa kabisa, kihisi kikikaa pabaya vifaranga watateseka. Kiwekwe katika kimo cha mgongo wa kifaranga, kama sentimita 5 juu ya maranda, ndani ya duara. Kisiwe chini ya balbu hasa, wala mbali ukutani. Kisizikwe katika maranda, wala kisilowe maji ya kunywea.

Joto lifaalo katika wiki ya kwanza ni nyuzi 32 hadi 35. Kisha punguza nyuzi 3 hivi kila wiki: wiki ya pili 29 hadi 32, ya tatu 26 hadi 29, na kuendelea hadi kufika karibu na nyuzi 21, wakati manyoya yameota. Weka pia kipimajoto cha kawaida kando ya kihisi. Vikitofautiana sana, kimoja chasema uongo.

Lakini hakimu wa mwisho ni vifaranga wenyewe. Wakirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, wakipanua mabawa na kuhema midomo wazi, wana joto. Wakienda upande mmoja tu, kuna upepo unaoingia. Wakitawanyika, huyu anakula, huyu amelala, sauti zao ni za utulivu, basi joto ni sawa, hata tarakimu ziseme vinginevyo.

JARIBU KABLA YA VIFARANGA KUFIKA

Laiti yule mama angejulishwa jaribio hili, vifaranga wake wangepona. Lifanye siku mbili kabla ya kuwaleta.

Weka themostati nyuzi 33. Umeme ukiwa umezimwa, funga ncha ya kihisi kwa kitambaa kikavu kwenye chupa ya maji ya vuguvugu, kama ya kuoga. Sogea kando, washa. Tarakimu zikipanda kupita 33, balbu ni lazima zizime. Zima tena umeme, fungua, funga ncha ile kwenye chupa ya maji baridi, kisha washa. Tarakimu zikishuka, balbu ni lazima ziwake. Zikifanya kinyume, nyaya zimo katika lango lisilo lake. Usiishike ncha kwa mkono mtupu umeme ukiwa umewashwa, kwani katika vyombo vingine vya bei nafuu waya huo haukutengwa vizuri na umeme wa nyumba.

Baada ya hapo acha taa usiku kucha katika nyumba tupu, nawe uamke saa tisa ya usiku uende ukasome kipimajoto. Huo ndio mtihani wa kweli kwa sisi wa Kinangop na Ol Kalou, ambako usiku mwingine hushuka sakitu ile iunguzayo viazi.

Balbu ining'inizwe kwa mnyororo, si kwa waya wake wa umeme, na kuwe na mnyororo wa pili wa akiba. Anza na kimo cha sentimita 45 hivi juu ya maranda, uinue kadiri wanavyokua. Holda iwe ya kauri, kwa sababu ya plastiki huyeyuka kwa joto la balbu ya wati 250.

STIMA IKIPOTEA

Stima hupotea, hasa nyakati za mvua. Wengi hukimbilia jiko la makaa. Jiko lafaa, lakini makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua vifaranga na watu pia. Liwashe nje hadi makaa yawe mekundu, ndipo uliingize, na matundu ya hewa ya juu yaachwe wazi. Wala mtu asilale humo kulinda vifaranga, hata usiku uwe wa baridi namna gani.

NI NANI AFUNGE?

Kutazama, kusikiliza, kuhamisha kihisi umeme ukiwa umezimwa, na kuweka tarakimu: hizo ni kazi zako mkulima. Kufungua nyaya na kuziunganisha ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, kama Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inavyotaka. Mwombe akuonyeshe leseni yake. Fundi wa kweli hachukizwi na ombi hilo. Naye akimaliza, mfanyie jaribio la chupa mbili mbele ya macho yake kabla ya kumlipa. Majirani watatu au wanne wakikubaliana kumwita siku moja, nauli yake hugawanyika.

Yule mama alibakiwa na vifaranga 96. Fundi alihamisha nyaya mbili tu, kutoka lango la kupoza hadi lango la kupasha joto, kazi ya nusu saa. Usiku ule taa ziliwaka baridi ilipoingia, na kesho yake hakuna aliyekufa kwa baridi. Kijana naye hakufukuzwa. Alisimama pale akatazama, na sasa ajua.

Basi, ndugu wakulima, kabla hamjanunua dawa, tazameni taa. Na mwenye shaka aje ofisini aulize, kwa maana anayeuliza hapotei.